Mkono Ulioshika Pesa

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu, 15 Machi 1948

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo ni tarehe kumi na tano Machi, nami naweka nadhiri mbele ya karatasi hii kwamba nitakueleza kila litakalotokea dukani mpaka utakaporudi kutoka Malindi, zuri na baya, bila kupamba. Ulipokuwa ukipanda lori la Dzoro uliniambia, "Ami yako ataniandikia kwamba yote ni kheri. Wewe niandikie kweli." Basi kweli ni hii: si yote ni kheri.

Juzi Jumamosi alikuja Bwana Afya. Si yule wa zamani aliyekuwa akinywa kahawa na kwenda zake. Huyu ni kijana kutoka bara, jina lake Nicodemus Wekesa, na kaptula yake imepigwa pasi hata imesimama kama ubao. Kahawa aliikataa. Alisimama kando ya meza ya duka akatazama tu. Ami Abdulhalim alikuwa akikata halua. Akaja mtu akalipa. Ami akapokea pesa, akazitia mkebeni, akarudi kwenye kisu, na kipande kilichoteleza akakisukuma kwa kidole kwenye karatasi. Kisha akaja mama mmoja kutaka samli, akatia kidole ndani ya bati akaonja, akasema bado hajajua, akatia tena.

Bwana Afya akauliza, "Kila mtu huonja hivi?"

Ami akamjibu, "Bwana, samli hainunuliwi kwa macho. Watu wameonja hapa tangu zama za babu yangu."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole chake mwenyewe. Hatumpi cha mtu mwingine."

Watu wa barazani walicheka sana, lakini Bwana Afya aliandika kitabuni. Amesema atarudi Jumatano, tarehe saba Aprili. Mkono ulioshika pesa usiguse chakula, na kidole cha mnunuzi kisiingie chomboni. Akikuta mambo ni yale yale hatatia muhuri kibali chetu cha kuuza chakula kisichofungwa. Hapo tutabaki kuuza viberiti na sabuni.

Baba, mambo haya tumefundishwa shuleni. Pesa hupita mikono ya watu wengi, wazima na wagonjwa, na uchafu wake hauonekani. Nimempa Ami shauri: mkono wa kulia uwe wa chakula, na wa kushoto uwe wa pesa, isikutane kabisa. Amesema nina akili kama hakimu, na kesho ataanza.

Liko pia jambo jingine. Ulisema ukirudi tutazungumza habari ya shule yangu. Bibi asema miaka kumi na miwili yamtosha mtoto wa kike kujua kusoma, na kwamba mwezi wa tano nianze kukaa ndani pamoja naye. Sikukumbushi, Baba. Nimeliandika kwa sababu nimeapa kuandika yote.

Mwanao,
Mwanaesha binti Taib


Malindi
Alhamisi, 18 Machi 1948

Mwanangu Mwanaesha,

Marahaba. Shangazi yako Mwanakuu homa haijamwachia. Ni siku ya nne hataki kula kitu, na mama yako hamtoki kitandani pake. Muombeeni dua.

Mkono wa kushoto! Mwanangu, umelitoa shauri hili Jumatatu nami nimelipata Alhamisi. Naomba Mungu ami yako awe amelala siku zote tatu. Mkono wa kushoto una kazi yake, nayo hatuisemi mbele za watu. Ukimrudishia mtu chenji kwa mkono huo hapo Kibokoni, umemtukana yeye na wazee wake waliolala makaburini. Acheni hima.

Habari ya shule sikuisahau. Kabla sijaondoka mama yangu aliniuliza, "Hiyo shule imemfundisha nini kilichoifaa nyumba hii?" Nikakosa jibu. Sasa naona jibu laweza kupatikana. Duka likipata muhuri kwa elimu yako, nitamwambia mama: hiki hapa. Likikosa, sitakuwa na la kumwambia, na akisema ukae, utakaa, kwani sitamvunjia heshima yake nyumbani mwake. Nakwambia mapema ili ujue unalolipigania.

Baba yako,
Taib


Kibokoni
Jumamosi, 20 Machi 1948

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea na nimeielewa yote.

Mkono wa kushoto tumeuacha tangu Jumatano. Juu yake sina zaidi la kusema.

Nimefikiri tena. Kama mikono yote ingekuwa safi, kusingekuwa na la kuogopa. Kwa hiyo kuanzia Alhamisi tutaweka maji na sabuni mlangoni. Kila ajaye kuonja au kununua atanawa kwanza, na Ami atanawa kila akishika pesa. Bibi ametuazima birika lake la shaba na tasa lake la kukingia maji, wala hakuuliza ni vya nini, maana alikuwa akisali. Mimi nitamimina.

Mwambie shangazi kwamba namuombea kila baada ya sala.

Mwanao,
Mwanaesha


Malindi
Jumanne, 23 Machi 1948

Mwanangu,

Dzoro alifika jana na gunia la mchele, barua yako, na habari ambayo haimo katika barua yako.

Asema kwamba Jumatano ami yako alimrudishia Mzee Aidarus chenji kwa mkono wa kushoto mbele ya baraza nzima. Mzee akautazama ule mkono, akaiweka halua mezani polepole, akasema, "Abdulhalim, nililibeba jeneza la baba yako kwa bega hili. Sikujua kama ningeishi mpaka mwanawe anitupie pesa kama mbwa anavyotupiwa mfupa." Akaenda zake, na tangu siku hiyo hupita njia ya pili akienda msikitini.

Uliapa kuniambia yote, Mwanaesha. Yote ni pamoja na yale yanayouma. Sikukasirika kwa kosa, kwani mwenye kosa ni ami yako mwenye ndevu, aliyemsikiliza mtoto na kuisahau mikono yake mwenyewe. Nimesikitika kwa kusoma "sina zaidi la kusema."

Shauri la maji ni zuri, nami nalikubali. Ila msilifanye kama watu wa hospitali. Ukimwambia mtu "nawa" kavu kavu, atadhani wamwita mchafu. Mimina kwa adabu, mpe kitambaa, na umwambie, "Karibu, bismillahi." Hapo hataona uchungu.

Nimemsomea shangazi yako barua yako. Alifumbua macho akauliza, "Na watapika nini?" Homa ingali kichwani, masikini.

Baba yako,
Taib


Kibokoni
Ijumaa, 26 Machi 1948

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na uniwie radhi. Habari ya Mzee Aidarus niliificha kwa sababu niliona haya. Sitaficha tena, na leo nina la kukuonyesha kwamba nimetubu.

Shangazi hakuwa na homa kichwani, Baba. Sisi ndio tuliokuwa nayo.

Jana baada ya alasiri nilisimama mlangoni na birika. Wa kwanza alikuwa fundi seremala wa upande wa pili. Nikammiminia, nikampa kitambaa, nikasema, "Karibu, bismillahi." Akanitazama, akaniombea dua, akavua viatu akakaa barazani. Nikadhani amechoka. Wa pili akanawa, akakaa kando yake. Watu watatu walikuwa wakipita tu, wakaona wenzao wananawa, nao wakaja. Mama Eddah, mke wa karani wa reli, alikuja na chupa yake ya mafuta. Akaniambia, "Mimi nilitaka mafuta tu, mwanangu, lakini kwetu ukikataa maji ya mtu umeikataa nyumba yake." Akanawa, akaingia ndani kwa Bibi, akakaa mkekani na mikono yake ameiinua juu isiguse nguo.

Walipofika kumi na wanne Ami akaingia ndani mbio. Nilimsikia nikiwa mlangoni.

"Mama, wamenawa na hawaendi! Hawaonji, hawanunui. Wanatazama mlango tu."

Bibi akauliza, "Nani aliyewanawisha?"

"Mwanaesha."

"Na bismillahi nani aliyewaambia?"

"Taib ndiye aliyeagiza, kwa barua."

"Basi nyinyi wawili na yule wa Malindi mumewaalika. Mtu hanawi mlangoni kwangu kisha akaenda na njaa yake. Mwanaesha! Weka birika, njoo ukune nazi!"

Baba, nilikuna nazi sita. Bibi alichukua mchele wa dukani na papa wa chumvi wa dukani, Mama Eddah akakatakata vitunguu huku akicheka hata machozi hayakujulikana ni ya nini. Barazani hakuna aliyeuliza kwa nini chakula kinachelewa. Walizungumza kwa adabu na mikono yao safi magotini.

Wakati sinia zinatoka, Mzee Aidarus akatokea pembeni. Alikuwa amesahau kupita njia ya pili, au harufu ya mchuzi ilimpitisha hii. Ami akalichukua birika akamkimbilia, akamnawisha yeye mwenyewe, kwa mkono wa kulia, ameinama. Mzee akasimama kidogo. Kisha akakaa, watu wakampisha mahali pa katikati.

Alipokwisha kula akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Abdulhalim, mkono mmoja ulikuteleza, na sinia hii imeurudisha. Kumwalika mtaa mzima ili kuniomba radhi mimi! Baba yako angefanya hivi hivi. Yamekwisha."

Ami akanitazama mimi. Mimi nikalitazama birika.

Hatukumwambia, Baba. Je, ni uongo? Bibi asema si uongo, kwa sababu radhi tulikuwa tunaitaka kweli, ila chakula kilitangulia.

Halua ya siku tatu imekwisha. Samli haikuonjwa hata na mtu mmoja. Kwa Bwana Afya hatujasogea hatua, na zimebaki siku kumi na mbili. Leo watu wengine wamekuja kuuliza kama Alhamisi ijayo pia tutanawisha.

Mwanao,
Mwanaesha


Malindi
Jumatatu, 29 Machi 1948

Mwanangu,

Shangazi yako alipofika pale pa "mikono yao safi magotini" alicheka mpaka mama yako akaogopa. Kisha akaomba uji. Ameumaliza, akaomba mwingine. Daktari amemtia dawa wiki nzima, na aliyemponya ni Mama Eddah na vitunguu vyake.

Ile "Karibu, bismillahi" ni yangu, sikatai. Nimewaalika watu kumi na wanne nikiwa mbali nao safari ya kutwa nzima. Usiibebe peke yako.

Lakini Mwanaesha, kicheko hakitiwi muhuri. Neno langu la shule ni lile lile. Fikiri tena, na mara hii usifikiri peke yako.

Baba yako,
Taib


Kibokoni
Alhamisi, 1 Aprili 1948

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefikiri, na sikufikiri peke yangu.

Nilijiuliza: siku ile ya sinia, mbona hakuna mkono ulioharibu chakula? Nikakumbuka jinsi ilivyokuwa. Bibi alipakua kwa upawa na hakushika kingine. Ami alibeba. Mimi nilimimina maji. Kila mkono ulikuwa na kazi yake, na mikono yenyewe ilikuwa ya watu mbalimbali. Kosa letu lilikuwa kutaka mtu mmoja awe watu wawili.

Basi Ami akate halua na kupima samli, na pesa apokee mtu mwingine. Ami akasema, "Nani? Wewe uko shule mchana." Nikatazama pazia la mlango wa ndani. Wajua, Baba, nyuma ya pazia lile Bibi huketi kutwa akisikiliza duka.

Nikaingia nikamwambia. Akasema, "Mimi? Niuze duka uzeeni?"

"Si kuuza, Bibi. Kupokea tu. Hakuna atakayekuona. Tutapitisha kikapu chini ya pazia."

"Watu watasema nini?"

Mzee Aidarus alikuwa barazani na masikio yake yote. Akajibu kutoka nje, "Watasema, Bi Mwanatumu, kwamba tangu leo hakuna atakayethubutu kutoa pesa mbovu!"

Bibi akavuta mkeka wake karibu na pazia. Kisha akasema, "Nileteeni mto wangu."

Leo ni siku ya tatu. Mnunuzi huchukua kitu chake kwa Ami, kisha hutia pesa kikapuni, kikapu huingia, chenji hutoka. Ami hagusi pesa hata moja. Jana kijana mmoja alitia pesa, akangoja, kikapu hakikutoka. Akagonga ukuta. Bibi akasema kutoka ndani, "Pesa nimezisikia. Salamu bado." Kijana akatoa shikamoo ndefu, na kikapu kikatoka. Sasa watu husalimu kabla hawajafika mlangoni. Mama Eddah amekuja mara tatu kwa siku moja, na mara ya tatu hakununua kitu, alitaka kikapu tu.

Desturi ya kuonja hatukuweza kuiondoa, maana samli ingebaki yote. Nimekata chelewa, njiti za makuti ya mnazi, fupi fupi nikazichemsha. Ami humchotea mtu kwa moja, mtu huonja, na chelewa hutupwa katika mkebe wa taka. Haingii mara mbili. Kuna bwana mmoja aliyeonja kwa chelewa nane, na Ami akamuuliza kama atengeneza fagio.

Zimebaki siku sita. Naogopa kidogo.

Mwanao,
Mwanaesha


Malindi
Jumapili, 4 Aprili 1948

Mwanangu,

Mama yangu anapokea pesa dukani! Nimeisoma barua nikiwa nimesimama. Miaka ishirini nimemwomba anisaidie hesabu, akaniambia duka ni kazi ya wanaume.

Shangazi yako jana alitembea mpaka mlangoni. Tutarudi kabla ya mwezi kwisha, inshallah.

Usiogope. Niandikie siku ile ile atakapokuja Bwana Afya, hata kama habari ni mbaya. Hasa kama ni mbaya.

Baba yako,
Taib


Kibokoni
Jumatano, 7 Aprili 1948

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika kabla ya magharibi kwa sababu Dzoro aondoka alfajiri, nami nataka barua hii iwe mikononi mwake kabla usiku haujaingia.

Bwana Afya alikuja saa tisa na nusu, nami ndiyo kwanza nimetoka shule. Baraza ilikuwa imejaa, kila mtu akijifanya ana shughuli. Akatazama halua: imefunikwa kitambaa cheupe. Akatazama samli: ina kifuniko. Akauliza muuzaji hunawa wapi. Ami akampeleka nyuma akamwonyesha birika, akamnawisha, wala hakumwambia bismillahi.

Kisha Bwana Afya akataka robo ratili ya halua. Ami akampimia. Bwana Afya akamnyooshea pesa, na Ami akaificha mikono yake nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Bwana Afya akanyoosha tena. Ami akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona hupokei?"

"Mimi sina mkono wa pesa, bwana. Mkono wa pesa uko kule."

Bwana Afya akalifuata pazia, akakiona kikapu, akatia pesa yake. Kikapu hakikutoka. Baraza nzima ikakohoa. Hakuelewa. Mimi sikuweza kuvumilia, nikamnong'oneza, "Bwana, toa salamu."

Akasimama wima akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bibi. "Wazee wako hawajambo? Umeoa? Mbona umekonda?" Kikapu kikatoka na chenji.

Bwana Afya akainama atazame chini ya pazia aone ni nani. Bibi akasema, "Pesa huingia huku, Bwana Afya. Macho hubaki huko huko."

Baba, yule mtu alicheka! Alikaa barazani bila ya kualikwa, akala halua yake yote, akanywa na kahawa. Akauliza ni nani aliyeupanga utaratibu huu. Mzee Aidarus akanionyesha kwa bakora. Bwana Afya akaniuliza nimejifunza wapi kwamba mkono wa pesa na mkono wa chakula uwe wa watu wawili. Nikamjibu, nusu shuleni, nusu jikoni kwa Bibi. Akaliandika hilo kitabuni, kisha akafungua mkoba, akatoa muhuri, akaupulizia, akaupiga. Barazani walipiga makofi mpaka njiwa wa msikitini wakaruka.

Kibali kimetundikwa ukutani, kwa mkono wa Ami wa kulia.

Sasa nakuambia lililo kubwa zaidi kwangu. Watu walipokwenda, Ami alimwambia Bibi, kwa mzaha tu, "Mama, sasa vumilia wiki chache. Mwezi wa tano Mwanaesha ataanza kukaa ndani, nawe utapumzika. Atakaa yeye hapo."

"Akae wapi?"

"Hapo pako. Kwenye mto."

Bibi akakivuta kikapu karibu na goti lake. "Na shule yake nani amemwambia aache?"

"Wewe, mama!"

"Mimi nilisema kumi na miwili yatosha kujua kusoma. Sikusema yatosha kujua kila kitu. Huyu mtoto hajui hata kunawisha watu bila kuwaalika, na nyinyi mwataka kumtoa shule? Mwacheni asome. Na mto wangu uacheni pia."

Ami alitoka nje akacheka huko. Mimi nilimbusu Bibi mikono yote miwili, akaniambia nisiichafue, ni ya pesa.

Mwalimu wetu anaandika majina ya wasichana watakaoendelea muhula ujao, na daftari litafungwa Jumatatu tarehe kumi na mbili. Wenzangu tisa wamekwisha kuandikwa. Mimi nimemwambia anisubiri, kwa sababu Bibi amekubali na muhuri umepatikana, lakini neno la mwisho ni lako, nami sitaliandika jina langu kabla sijalisikia. Dzoro arudi Jumamosi. Baba, nikaliandike?

Mwanao,
Mwanaesha binti Taib